Shajara ya SJ413: kulijenga upya kwa njia za mawe

13 Januari 2024: Kwa nini naanza upya

Gari ni Suzuki SJ413 fupi. Lina injini ya lita 1.3 yenye kabureta, ekseli nzima mbele na nyuma, springi za majani pande zote nne, na milimita 2,030 tu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukarabati wa kwanza niliufanya kwa pupa. Niliweka shakoli ndefu, ile mikono miwili inayoning'iniza ncha ya springi kwenye chesisi, nikavisha tairi za inchi 29, nikaliona limesimama juu, nikaridhika.

Mwezi uliopita lilishindwa kwenye mpando wa mawe. Halikukwama kwa tumbo. Lilishindwa kwa sababu halikuweza kwenda taratibu. Kila nikiachia klachi kwenye gia ya kwanza, gurudumu liliruka juu ya jiwe badala ya kulipanda, na nikipunguza mafuta injini ilizima. Nikaanza kuibembeleza klachi kwa mguu. Jaribio la tatu harufu ya klachi iliyoungua ikajaa ndani, nikarudi kinyumenyume mpaka chini.

Niliporudi nikapiga hesabu ambayo ilipaswa kutangulia kila kitu. Gia ya kwanza ni 3.652, gia nzito ya transifa, boksi linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma, ni 2.268, difu ni 3.727. Ukizizidisha unapata karibu 31, yaani injini inazunguka mara 31 gurudumu likizunguka mara moja. Nikivisha tairi za inchi 31 ninazozitaka, injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika gari litakwenda kilomita 4.8 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayetembea barabarani. Juu ya mawe ya kimo cha goti, ni mwendo wa kuvunja vitu.

Kwa hiyo safari hii utaratibu unageuka: gia kwanza, urefu baadaye. Gari dogo silibadilishi kwa kubwa. Wepesi wake ndio mali yake, na uwezo wa aina hii umeshathibitishwa: mwaka 2007 Wachile wawili walipandisha Suzuki Samurai, jina jingine la familia hii hii, hadi mita 6,688 kwenye mlima Ojos del Salado.

Kuhusu gharama, bei siandiki kwa kuwa hubadilika kila unakokwenda. Nitaandika saa nilizotumia na vipuri vilivyoharibika. Hivyo ndivyo vitakavyomsaidia anayetaka kuiga.

27 Januari 2024: Kuvua na kukagua

Nimetoa bampa, viti, sakafu, springi, shafti zote na tangi. Nimeosha chesisi kwa maji ya nguvu na brashi ya waya. Saa 11, watu wawili, mimi na mdogo wangu.

Jambo moja linastahili nafasi hapa. Nyuma ya boksi la usukani, kwenye chesisi, kulikuwa na mstari mwembamba wa kutu ambao kwa macho ungeudhania mkwaruzo. Tulipaka mafuta ya taa, tukasubiri robo saa, tukafuta mpaka pakauka kabisa, kisha tukapaka chaki. Baada ya dakika chache mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani yalitoka na kuchora mstari mweusi juu ya chaki, sentimita 7, unaopinda kuelekea kwenye tundu la bolti. Ulikuwa ufa. Tairi kubwa zinalemea boksi la usukani, na boksi linakivuta chuma cha chesisi kila unapokata kona gari limesimama.

Dawa yake: nilitoboa tundu la milimita 4 mwishoni kabisa mwa ufa ili usiendelee, nikauchimba kwa grenda ukawa kama herufi V, nikauchomelea, kisha nikaongeza bamba la milimita 4 juu yake. Bamba nimelikata kwa umbo la almasi. Ukilikata mraba, mchomeleo unaosimama wima unakata chesisi mstari mmoja kutoka juu hadi chini, na ufa mpya utaanzia hapo hapo. Saa 5.

Kama una gari la aina hii na tairi zilizozidi kipimo cha kiwandani, fanya jaribio la chaki leo. Ni dakika 30.

17 Februari 2024: Gia za transifa

Gia mpya za transifa ni 4.16 kwa upande mzito. Hesabu sasa: 3.652 mara 4.16 mara 3.727 ni karibu 57. Mwendo kwa mizunguko 1,000 ni kilomita 2.6 kwa saa. Upande mwepesi, wa barabarani, nao umepungua mwendo kiasi cha asilimia 12, jambo ninalolihitaji, maana tairi za inchi 31 ni kubwa kwa karibu asilimia 18 kuliko zile 205/70R15 za kiwandani.

Kazi yenyewe ni ya benchi. Fungua, safisha, panga kila kitu kwa mstari jinsi kilivyotoka, piga picha. Tahadhari ya vile vidude vidogo vya chuma, mviringo, vinavyoshikilia gia mahali pake: vinasukumwa na springi na vitaruka. Funika kwa kitambaa kabla hujavuta fimbo ya gia.

Kosa langu lilikuwa beringi. Nilizizungusha kwa kidole, nikasikia ziko laini, nikazirudisha. Transifa ilipofungwa na kuzungushwa kwa injini ikatoa mlio wa kuimba, mwembamba, unaopanda na mwendo. Nikashusha kila kitu. Beringi ya shafti ya kuingilia ilikuwa na vidoa kwenye njia yake, vidogo kama alama za ncha ya pini, vinavyoonekana tu ukiigeuza kwenye mwanga. Oili ya zamani ilikuwa inauficha mlio. Nimebadilisha beringi zote na sili zote.

Saa: 7 mara ya kwanza, 9 mara ya pili. Vilivyoharibika: gaskiti seti moja, oili lita moja iliyomwagika. Ukiifungua transifa, weka beringi mpya hata kama za zamani zinakudanganya.

16 Machi 2024: Springi juu ya ekseli

Hii ndiyo hatua iliyonila muda kuliko zote, kwa hiyo nitakwenda nayo polepole.

Kiwandani, springi zimekaa chini ya ekseli. Ukizihamishia juu yake gari linapanda kiasi cha sentimita 13 bila kuhitaji springi ngumu. Ngumu hazitakiwi kwenye mawe: unataka gurudumu moja lishuke shimoni huku jingine limepanda jiwe. Shakoli ndefu nimezitupa. Mbele zilikuwa zinalaza ekseli na kupunguza mwegemeo wa kingpini, pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia, ndiyo maana gari halikuwa linarudisha usukani lenyewe baada ya kona.

Kazi ni kukata vikalio vya zamani, vile vipande vya chuma ambavyo springi hukalia, na kuchomelea vipya juu ya mrija wa ekseli. Kuna sheria mbili ambazo tulizifuata na zimetulipa. Ya kwanza, toa shafti za ndani na sili kabla ya kuchomelea, vinginevyo joto litaziua. Ya pili, usichomelee mstari mzima kwa pumzi moja. Choma sentimita 2, nenda upande wa pili, choma 2, subiri uweze kuugusa mrija kwa mkono, endelea. Mrija wa ekseli hupinda kwa joto, na ekseli iliyopinda hula tairi na beringi bila kukuambia sababu.

Sasa kosa. Pinioni ya difu ya nyuma, gia ndogo inayopokea shafti, niliielekeza moja kwa moja kwenye transifa, nikiamini kwamba shafti ikinyooka inapumzika. Nilipima nyuzi kwa simu iliyowekwa juu ya flenji, bamba ambapo shafti hufungwa: pinioni nyuzi 14 kwenda juu. Tukachomelea. Tukafunga. Gari likashuka chini, likatoka, na lilipofika kilomita 50 kwa saa sakafu yote ikaanza kutetemeka, mtetemo wa haraka unaopanda hadi kwenye meno. Nikadhani ni tairi. Nikazisawazisha upya. Nikadhani ni krosi, kiungo kinachokunjika kwenye ncha ya shafti. Nikabadilisha krosi mbili nzima kabisa. Mtetemo uleule.

Mdogo wangu ndiye aliyeuliza, "Kaka, ile pembe ya upande wa transifa umeipima?" Sikuwa nimeipima.

Maelezo ni haya. Krosi inapozunguka ikiwa imekunjwa, upande wa pili hauzunguki kwa mwendo sawa: katika kila mzunguko unaongeza kasi mara mbili na kupunguza mara mbili. Kwa pembe ya nyuzi 14 kasi inapanda na kushuka kwa asilimia 3 hivi. Shafti yenye krosi moja kila ncha inaponywa kwa kuzipa krosi zote mbili pembe iliyo sawa, ili ya pili ifute kile ambacho ya kwanza imekiharibu. Flenji ya transifa yangu inaangalia chini nyuzi 2 na shafti imelala kwa nyuzi 16, kwa hiyo krosi ya juu ilikuwa inafanya kazi kwa nyuzi 14 na ya chini kwa nyuzi karibu sifuri. Hakukuwa na kitu cha kuufuta mtikisiko. Kuielekeza pinioni kwenye transifa ni sahihi kwa shafti yenye krosi mbili zilizobanana upande wa juu. Yangu si hiyo.

Tena kulikuwa na kosa la pili ndani ya la kwanza: nilipima gari likiwa limenyanyuliwa kwa vigingi chini ya chesisi, springi zimening'inia. Gari liliposhuka na kukalia uzito wake, ekseli iligeuka kwa zaidi ya nyuzi moja.

Tulikata vikalio vya nyuma, tukasaga mrija ukawa safi, tukaanza upya. Mara hii tuliweka ekseli kwenye springi, vikalio vimelala tu bila kuchomwa, tukashusha gari likalala kwenye tairi zake, tukaweka mifuko ya mchanga yenye uzito wa viti, mafuta na vifaa, ndipo tukapima. Pinioni sambamba na flenji ya transifa ingekuwa nyuzi 2 kwenda juu. Nimeiacha kwenye nyuzi 1, kwa sababu springi ya majani ikivutwa na injini hujikunja na kuinua pua ya difu. Nikabana kwa vipisi viwili vidogo vya mchomeleo kila kikalio, nikapima tena, kisha ndipo nikavua na kuchomelea kabisa.

Mtetemo umekwisha. Nilienda hadi kilomita 80 na kikombe cha maji kikiwa kimesimama sakafuni.

Shafti ya nyuma ilibakiwa na milimita 20 tu za meno yaliyoshikana, jambo la hatari, ikaongezewa kipande cha milimita 38 kwenye flenji. Saa: 22 mara ya kwanza, 14 kurudia. Vilivyoharibika: vikalio viwili, krosi mbili zilizobadilishwa bure, diski tano za grenda.

30 Machi 2024: Usukani

Baada ya kupanda sentimita 13, fimbo inayotoka kwenye boksi la usukani kwenda gurudumuni ililala kwa mteremko mkali. Matokeo yake ni kwamba springi ikibonyea, fimbo inalisukuma gurudumu. Ukipita kituta, gari linageuka lenyewe. Hili ni jambo la kuua mtu, na kwa wiki mbili gari halikutoka uani.

Jaribio la kwanza lilikuwa fimbo iliyokunjwa kama herufi Z, ili ncha zake zilingane kimo. Niliifanya kwa mrija mnene. Ilipofungwa, mdogo wangu alikaa kwenye usukani nami nikalala chini kuangalia: alizungusha karibu robo nzima kabla magurudumu hayajasogea, na niliiona fimbo ikijipinda kwenye kona zake mbili kisha ikirudi. Chuma kinachojipinda na kurudi kila kona kitachoka. Nikaitoa siku ileile. Ukiikuta kwenye gari la mtu, mwambie.

La pili ndilo lililobaki: mikono mipya ya kugeuzia magurudumu, inayokaa juu ya vichwa vya ekseli, na fimbo zote mbili zikapita juu ya springi. Mteremko wa fimbo umebaki mdogo, na ziada yake fimbo hazikutani tena na mawe.

Ukaja mtikisiko mwingine. Kwenye kilomita 60 ukigonga shimo, magurudumu ya mbele yanaanza kupigana kushoto kulia, usukani unakutoka mikononi, na hakuna dawa ila kusimama. Hapo tulikwenda kwa utaratibu: nati za magurudumu, tairodi, bushi za springi, kisha kingpini. Tulipoinua mbele na kulitikisa gurudumu kwa juu na chini, liligonga. Beringi za kingpini zilikuwa na nafasi. Mikono mipya ni minene kuliko ya zamani, na mimi nilirudisha vibati vilevile vya kujazia bila kupima. Nimepunguza vibati kimoja kimoja, nikivuta kwa mizani ya kuning'iniza mpaka uzito wa kugeuza ukafikia kipimo cha kitabu cha gari. Gari sasa limetulia.

Saa 19. Vilivyoharibika: mrija wa mita 1, ncha mbili za tairodi.

13 Aprili 2024: Breki

Hosi mpya ndefu, mbele na nyuma. Zipime gari likiwa limeinuliwa, springi zimening'inia mwisho wake, na usukani umekatwa mpaka ukomo, kila upande. Yangu ya kulia ilikuwa inakwaruza tairi kwenye kona kamili. Nimeihamisha kibano.

Kuna jambo ambalo wengi hulipita. Gari hili lina vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa mkono na springi. Kazi yake ni kuona mzigo: nyuma ikilala chini, inaruhusu breki zaidi nyuma, nyuma ikiwa juu, inazipunguza ili magurudumu yasifunge. Ukiinua gari sentimita 13, vali inaona gari tupu milele. Nilipojaribu kwenye changarawe, mbele zilifunga na nyuma hazikufanya karibu chochote. Nilitengeneza kibano cha kuinua ncha ya mkono wa vali kwa kimo kilekile gari lilichopanda, nikajaribu tena mara kumi, tupu na likiwa na mzigo. Magurudumu ya nyuma sasa yanashika, na ya mbele bado ndiyo yanayofunga mwanzo, kama inavyotakiwa. Saa 6.

4 Mei 2024: Jaribio la kwanza kwenye mawe

Kabla ya kwenda tuliweka kufuli la difu ya nyuma, linaloyafanya magurudumu mawili ya nyuma yavute pamoja, la kujifunga lenyewe, linalokaa ndani ya kibebeo cha kawaida. Saa 5, hakuna la kusimulia.

Mwanzo ulikuwa mzuri kupita nilivyotarajia. Gia ya kwanza, nzito, mguu nje ya klachi, nje ya mafuta. Gari lilifika kwenye jiwe la kwanza, likaligusa, tairi ikabonyea ikalikumbatia, na likapanda kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo kichwani. Nilikuwa na nafasi ya kutazama, kufikiri, kuchagua mahali pa gurudumu. Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu Januari.

Kwenye ngazi ya pili ya mpando, nyuma ilianza kuruka. Tap tap tap, kama mtu anayepiga mlango. Niliongeza mafuta kidogo kuimaliza ngazi, na likatokea kishindo kimoja chini ya kiti, kisha mvuto ukapotea.

Vitu viwili vilikuwa vimetokea kwa mfuatano. Springi za nyuma zilikuwa zinajikunja kama herufi S kwa nguvu ya gia mpya, zinarudi, zinajikunja tena, na kila zikirudi zinairusha ekseli. Na transifa, ambayo kwenye gari hili inaning'inia peke yake kwenye mikono mitatu yenye raba, mbali na giaboksi, ilikuwa inapokea misukumo ile yote. Mkono mmoja ulikatika kwenye shingo yake. Transifa ikajigeuza, shafti fupi inayotoka kwenye giaboksi ikagonga sakafu na krosi yake ikavunjika.

Tuliifunga transifa kwa mnyororo na ubao, tukavutwa mpaka barabarani. Saa 4.

18 Mei 2024: Marekebisho ya jaribio la kwanza

Transifa: mkono uliovunjika umebadilishwa kwa wa bamba la milimita 6, na umeongezwa wa nne kutoka upande wa nyuma kwenda kwenye chesisi, wenye bushi ya raba. Usiufunge chuma kwa chuma. Chesisi ya gari hili inajikunja kwenye mawe, na transifa isiyoweza kusogea hata kidogo itapasua kasha lake. Huu mkono wa nne ulipaswa kuwekwa siku ileile zilipoingia gia za 4.16. Ukizidisha nguvu inayotoka, ongeza na kinachoishikilia.

Springi: nimetengeneza fimbo ya kuzuia ekseli isijigeuze. Inashika kasha la ekseli sehemu mbili, juu na chini ya mrija, na kwenda mbele hadi kwenye ukanda wa chesisi kando ya transifa. Ya kwanza niliifunga kwa bolti ncha zote. Tulipoinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki ili kuona mchezo wa springi, gari zima lilipanda pamoja nalo. Springi ilikuwa imefungwa jela. Sababu ni kwamba springi ikibonyea ekseli inasogea pia nyuma na mbele, kwa njia yake, na fimbo ngumu ina njia yake nyingine. Zikishindana, kitu kinakatika.

Ya pili ni fimbo ileile, ila ncha ya mbele inaning'inia kwenye shakoli fupi ya sentimita 9. Sasa ncha inaweza kwenda mbele na nyuma, lakini haiwezi kupanda wala kushuka, na kupanda na kushuka ndiko kunakoigeuza ekseli. Tulirudia jaribio la jeki: gurudumu lilipanda sentimita 31 kabla la upande wa pili halijaacha ardhi.

Nimeongeza mkanda wa kuzuia ekseli ya nyuma isishuke kupita kiasi. Bila huo, springi zikining'inia kabisa krosi ya juu ilikuwa inagusana masikio.

Saa 24. Vilivyoharibika: mkono wa transifa, krosi moja, shafti fupi moja, bushi mbili.

1 Juni 2024: Kabureta kwenye mlima

Kwenye mpando mkali injini ilikuwa inafurika mafuta na kuzima. Nilishusha kimo cha boya milimita 2, nikarefusha mirija ya kupumulia ya kabureta kwa mpira. Ikasaidia kidogo tu. Chanzo kikuu kilikuwa pampu ya umeme niliyoiweka kwenye ukarabati wa kwanza. Nilipoifunga geji, ilikuwa inasukuma psi 6.5 (psi ni kipimo cha msukumo), ilhali sindano ndogo ya boya inapaswa kuzuia nusu ya hapo. Nimeweka kidhibiti, nikakiseti psi 3. Injini sasa inashikilia mwendo wake kwenye mpando uliokuwa unaizima, ingawa nikisimama hapo zaidi ya dakika moja bado inanguruma vibaya. Kuhamia mfumo wa kupuliza mafuta ni mradi wa baadaye. Saa 7.

22 Juni 2024: Upepo wa tairi

Gari ni jepesi, kwa hiyo psi 20 bado ni mpira mgumu. Nilishusha kidogo kidogo na kupima alama ya tairi kwenye vumbi. Kwenye psi 15 ilirefuka vizuri, kwenye 12 ilikumbatia mawe, na kwenye 8, nikipita mteremko wa ubavu, tairi ya kushoto mbele ilitoka kwenye rimu. Rimu zangu ni za kawaida, hazina kibanio. Saa 2 za jeki na pampu kwenye ubavu wa mlima, tukiwa tumeweka mawe nyuma ya kila gurudumu. Kipimo changu ni psi 12, na siteremki ubavu chini ya 14.

13 Julai 2024: Mpando uleule

Tulirudi penye mawe ya Mei. Ngazi ya kwanza bila mguu kwenye mafuta. Kwenye ya pili nilisikiliza zaidi ya nilivyotazama, nikisubiri ule mlio wa tap tap. Haukuja. Ekseli ilibaki imetulia, tairi ya kulia ikatafuna ukingo wa jiwe, ikashika, nasi tukawa juu. Mdogo wangu, aliyekuwa mbele akinielekeza kwa mikono, alishusha mikono na kukaa juu ya jiwe. Tulipanda ngazi zote tano na kushuka kwa njia ileile, klachi ikiwa baridi.

Jioni tuliliosha na kulala chini yake na tochi. Mikono minne ya transifa mizima. Bolti mbili za fimbo ya ekseli zililegea robo mzunguko. Zimewekewa nati za kujifunga. Sili ya gurudumu la mbele kushoto inatoa unyevu. Kwenye bamba la chesisi nyuma ya boksi la usukani tulipaka tena mafuta ya taa, tukafuta, tukapaka chaki, tukasubiri nusu saa. Chaki imebaki nyeupe.

Kinachofuata: sili hiyo, kisha bamba la kukinga tumbo la transifa, ambalo limeshachongwa na linasubiri mashimo.